Somo kwa Makatibu wa Vyama: Taa ya Upepo wa Matairi katika Gari Kuukuu

Chama cha ushirika kinaponunua gari hununua pia vipimo vyote vilivyomo ndani yake. Kipo kipimo cha mwendo, kipo cha mafuta, kipo cha joto la maji. Na katika magari mengi yaliyotengenezwa karne hii kipo kimoja zaidi ambacho makatibu wengi hawajakizoea, nacho ni kipimo cha upepo wa matairi. Kipimo hiki hakina mshale. Husema kwa taa moja tu ya njano katika dashibodi, yenye umbo la chungu kilicho wazi juu, na ndani ya chungu hicho alama ya mshangao.

Magari mengi madogo yanayoingia Tanzania yamekwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani na kwa kiasi fulani Uingereza. Gari lililoundwa mwaka 2014 likafika Kilwa mwaka 2023 limekwisha kutembea miaka tisa kabla ya chama kulipa shilingi yake ya kwanza ya matengenezo. Si ajabu basi taa hiyo ikawaka miezi michache baada ya gari kupokelewa, na pengine siku ile ile linapotoka bandarini. Hapo ndipo maneno huanza. Dereva husema hiyo ni tabia ya gari. Fundi wa kwanza husema sensa zimekufa, zinunuliwe zote nne. Fundi wa pili hubandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa, kisha akadai ujira wa kazi hiyo. (Neno sensa katika gereji halina uhusiano na kuhesabu watu. Katika somo hili kifaa hicho kitaitwa kihisi.)

Makatibu wengi si mafundi, wala hawatakiwi kuwa mafundi. Lakini katibu ndiye anayeandika hati ya malipo, na hapana budi ajue analipia nini.

Kipimo kibovu na madhara yake

Mwanachama wa ushirika hahitaji kufundishwa hasara ya kipimo kibovu. Mkulima wa korosho wa Kusini anaijua kangomba, ambayo zao lake hupimwa kwa bakuli badala ya mizani, na anajua bakuli hilo lilikuwa likimpendelea nani. Kwa sababu hiyo mizani ya chama hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri kabla ya kupokea mazao ya msimu.

Taa ya upepo nayo ni mizani ya namna yake. Ikiwaka miezi sita pasipo sababu, dereva huzoea kuipuuza. Na siku tairi linapopungukiwa na upepo kweli kweli, huwaka taa ile ile, naye haoni tofauti yoyote. Hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya kihisi. Utepe mweusi hauiondoi, huikamilisha.

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kupita kiasi kila sehemu yake inapogusa barabara. Kujikunja huko huzaa joto. Joto hulegeza raba na nyuzi zilizofumwa ndani yake. Na penye kasi na mzigo mzito mwisho wake ni kupasuka. Jambo la hatari ni kwamba tairi lililopungua kwa robo huonekana zima kwa macho. Madereva wengi hupima kwa teke. Teke halipimi kitu chochote isipokuwa kiatu.

Barabara za pwani ya Lindi zinalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuondoa adha ya kivuko cha Mto Rufiji, na hasa baada ya lami kukamilika katika kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichosumbua wasafiri kwa miaka mingi, gari huweza kutoka Dar es Salaam asubuhi na kufika Lindi siku hiyo hiyo kwa mwendo mkali. Lakini gari la chama halikai juu ya lami. Hushuka Nangurukuru na kuingia barabara ya Liwale, ambayo ni safari ya zaidi ya kilomita 200, au huingia njia za mchanga za vijijini kufuata ufuta na korosho. Katika mchanga dereva mzoefu hupunguza upepo ili matairi yatanuke na gari lisizame. Hapo amefanya vyema. Kosa huja jioni, anaporudi kwenye lami akiwa amechoka, akakanyaga mafuta kuelekea Kilwa Masoko au Mchinga bila kuujaza upepo alioutoa. Taa ikiwa nzima humkumbusha. Ikiwa imefunikwa kwa utepe, hakuna wa kumkumbusha. Aidha mvua za mwaka 2024, pamoja na kimbunga Hidaya cha mwezi Mei, zilikata barabara kuu katika sehemu kadhaa za Wilaya ya Kilwa, na magari yakawa yakipita kwenye michepuko ya mawe na tope. Safari za namna hiyo huumiza rimu na valvu hata pale tairi lenyewe linaposalimika.

Asili ya kifaa hiki

Gari la kwanza la abiria kufungwa kifaa hiki kiwandani lilikuwa Porsche 959 la Ujerumani, mwaka 1986, na kwa miaka mingi kilibaki pambo la magari ya matajiri. Kilichokifanya kuwa lazima ni vifo. Agosti 2000, huko Marekani, kampuni ya Firestone iliita tena matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika magari aina ya Ford Explorer, baada ya ajali nyingi ambamo ngozi ya nje ya tairi ilibanduka gari likiwa katika mwendo. Idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihusisha ajali hizo na vifo vya watu zaidi ya 200. Novemba mwaka huo huo sheria ilitiwa saini, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililotengenezwa kwa soko la nchi hiyo lilitakiwa kuwa na kifaa cha kumwonya dereva pale upepo unapopungua kwa robo ya kiasi kilichowekwa na kiwanda. Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa mwanachama wake wakati huo, ulifuata: kwa aina mpya za magari ya abiria tangu Novemba 2012, na kwa magari mapya yote ya abiria tangu Novemba 2014.

Historia hii ina faida kwa katibu anayekagua gari kabla ya kulinunua. Gari la abiria la mwaka 2015 lililotoka Uingereza kwa kawaida lina kifaa hiki. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana, na katika gari la namna hiyo fundi anayedai kubadilisha vihisi anauza hewa.

Namna mbili za kupima

Kabla ya kununua chochote yafaa ijulikane gari la chama ni la namna ipi, maana namna ziko mbili na fundi asiye mwangalifu huzichanganya.

Namna ya kwanza haina kihisi ndani ya tairi. Kompyuta ya gari huhesabu mizunguko ya kila gurudumu kwa kutumia vifaa vya breki vilivyomo tayari. Tairi lililopungukiwa na upepo hupungua kimo kidogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake, na kompyuta ikaona tofauti hiyo. Katika gari la namna hii taa huwaka mara nyingi baada ya kubadilisha tairi moja au kujaza upepo upya, kwa sababu kompyuta bado inalinganisha na hesabu ya zamani. Dawa yake ni kujaza matairi yote kwa kipimo sahihi, kisha kubonyeza kitufe au kufuata maelezo ya kitabu cha gari ili kompyuta ianze hesabu mpya. Hakuna kifaa cha kununua.

Namna ya pili ndiyo yenye vihisi. Katika kila gurudumu, ndani ya tairi, kimefungwa kifaa kidogo chenye uzito wa gramu 30 hivi, mara nyingi kikiwa kimeshikamana na valvu ile ile ya kujazia upepo. Hupima upepo na joto, kisha hutuma habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari. Kila kihisi kina namba yake kisichoshirikiana na kingine, kama mwanachama na namba yake katika rejista, na kompyuta husikiliza tu namba zilizoandikishwa kwake. Ndani yake mna betri ndogo iliyofunikwa kabisa kwa utomvu mgumu ili maji yasiingie. Betri hiyo haifunguliwi wala haichajiwi. Huishi miaka mitano hadi kumi, na ikifa, kihisi chote kimekufa. Ndiyo sababu gari kuukuu huleta matatizo haya yote kwa pamoja: betri zilizaliwa siku moja, nazo hufa kwa kufuatana.

Kuisoma taa

Taa ina lugha mbili. Ikiwaka na kutulia tangu mwanzo, inasema kwamba upepo wa tairi moja au zaidi umepungua. Ikimetameta kwa dakika moja au zaidi injini inapowashwa, kisha ikatulia na kuendelea kuwaka, inasema kwamba kifaa chenyewe ni kigonjwa: kihisi kimekufa, au hakipo, au hakitambuliwi. Katibu anayeletewa ombi la fedha na amuulize dereva swali hilo kwanza: taa ilitulia au ilimetameta? Dereva asiyejua jibu arudi garini akaangalie.

Ikiwa ilitulia, kazi ni ya geji ya mkononi. Kipimo kichukuliwe asubuhi kabla gari halijatembea, au baada ya kusimama kivulini kwa saa tatu, kwa maana upepo hupanda kwa joto. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, tairi lenye paundi 30 hupanda kwa takriban paundi moja na nusu. Na tairi lililotoka safarini juani hupanda zaidi ya hapo. Dereva anayetoa upepo wa tairi la moto kwa kuona limezidi, kesho yake atalikuta limepungua. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kwa hesabu mbili, moja ya gari tupu na nyingine ya gari lenye mzigo kamili. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi siyo hiyo. Ile ni ya mwisho ambao tairi linaweza kustahimili. Kama kibao kinasema paundi 32, taa hungoja mpaka tairi lishuke kufikia 24 hivi. Kutoka 32 hadi 24 ni njia ndefu, na taa hunyamaza njia hiyo yote. Kwa hiyo hata kihisi kizima hakiondoi haja ya geji ya mkononi, ambayo haipasi kukosekana katika gari lolote la chama.

Ikiwa taa ilimetameta, fundi mwenye mashine aitwe. Hapa pana mtego. Mashine ya kawaida ya kupimia gari, inayochomekwa chini ya usukani, huweza kusema kwamba kuna kihisi kisichosikika, lakini si kila mara huweza kusema kwa nini. Inahitajika mashine nyingine ndogo inayosogezwa karibu na valvu ya kila gurudumu, ikakiamsha kihisi na kukisomea namba, upepo, na mara nyingi hali ya betri. Kisichojibu kimekufa, au hakimo. Fundi asiye na mashine hiyo anakisia, na fedha za wanachama hazitumiwi kwa kukisia.

Kwamba kihisi huenda hakimo si mzaha. Fundi wa pancha wa barabarani, aliyekuta valvu ya chuma imeoza, huweza kuing'oa pamoja na kihisi chake, akafunga valvu ya mpira ya kawaida, na gari likaendelea na safari. Hakufanya ubaya, alimwokoa dereva njiani. Lakini tangu siku hiyo taa itametameta, na asiyejua historia atanunua vihisi vinne mahali pa kimoja. Vivyo hivyo tairi la akiba, ambalo katika magari mengi halina kihisi, likifungwa mahali pa lililopata pancha taa hulalamika hadi lile la kwanza lirudi.

Chumvi ya pwani

Jambo hili halimo katika vitabu vya Ulaya kwa uzito unaostahili, lakini Kilwa na Lindi lina uzito. Valvu nyingi za vihisi ni za aluminiamu. Pini ya ndani ikiwa ya shaba nyeupe ya kawaida, aluminiamu na shaba hulana zinapopata unyevu wa chumvi, na upepo wa bahari hauna upungufu wa chumvi. Baada ya mwaka mmoja au miwili pini haitoki, kifuniko cha chuma kimegandana na valvu, na dereva anayekilazimisha kwa koleo huivunja valvu yote na upepo ukatoka mara moja. Kwa sababu hiyo pini iwe ya kupakwa nikeli, kama inavyoagizwa na watengenezaji wa vihisi, na kifuniko kiwe cha plastiki. Kifuniko cha plastiki ni cha bei ya chini kuliko cha chuma kinachong'aa, na katika pwani hii ni bora. Valvu pia ioshwe kwa maji baridi kila gari linapooshwa, hasa baada ya safari za ufukweni.

Kubadilisha kihisi

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba chama kimoja cha msingi katika Wilaya ya Kilwa kina gari la mwaka 2014 lililotoka Uingereza. Taa inametameta. Mashine imeonyesha kwamba kihisi cha mbele kushoto hakijibu, na cha nyuma kulia kinajibu kwa betri iliyo karibu kwisha. Katika kikao cha bodi mjumbe mmoja anasema kinunuliwe kimoja tu, kwa kuwa kimoja ndicho kilichokufa. Katibu anaeleza kwamba kila kihisi kikibadilishwa tairi hung'olewa kwenye rimu, likarudishwa, likafanyiwa balansi, na ujira hulipwa kila mara. Kwa gari la umri huo, kubadilisha kimoja leo na kingine baada ya miezi minne ni kulipa ujira mara mbili. Ndipo Mwenyekiti, ambaye ni mtu mzima na mpole, anauliza swali ambalo halikuwa katika ajenda: "Na matairi yenyewe, Bwana Katibu, ni ya mwaka gani?"

Jibu la swali hilo limeandikwa ubavuni mwa kila tairi. Baada ya herufi DOT hufuata maandishi kadhaa, na mwishoni tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Dereva anatumwa nje na tochi, anarudi na habari kwamba mawili ni ya 2016 na yana nyufa ndogo ubavuni. Bodi inabadili shauri: fedha iliyotengwa katika kasma ya matengenezo haitoshi vyote kwa robo hii ya mwaka, basi yanunuliwe matairi kwanza, na vihisi vingoje robo ijayo. Wakati huo dereva atapima kwa geji kila asubuhi na kuandika.

Uamuzi huo ni sahihi. Kihisi huonya, hakishiki barabara. Chama kinachofunga vihisi vipya ndani ya matairi yaliyopasuka nyufa kimenunua kengele ya nyumba isiyo na mlango. Lakini fedha zikiruhusu, kazi mbili zifanywe siku moja, kwa maana tairi likiwa limekwisha kung'olewa, kufunga kihisi ni kazi ya dakika chache. Hesabu ya kufaa ni hii: kihisi kimoja kilichovunjwa na chuma cha fundi katika gari la miaka mitatu kibadilishwe peke yake, kihisi kilichokufa kwa uzee katika gari la miaka minane au zaidi kibadilishwe pamoja na wenzake.

Katika kununua, sifa tatu hazina budi kulingana na gari. Ya kwanza ni wimbi la redio. Vihisi vya magari ya Ulaya hutuma kwa megahezi 433, na vingi vya Marekani na vya Japani kwa megahezi 315. Kwa macho vinafanana kama pacha, lakini kompyuta ya gari la wimbi moja haisikii lingine hata kidogo. Ya pili ni lugha ya kiwanda, ambayo muuzaji huitambua kwa namba ya chasisi. Basi namba hiyo ipelekwe dukani ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye kadi ya gari, isikaririwe kwa simu. Ya tatu ni umbo la valvu na tundu la rimu. Kihisi cha mtumba kisinunuliwe, hata kikiletwa kutoka Kariakoo kwa bei ya kuvutia, kwa sababu kinachouzwa ni betri iliyokwisha kuzeeka. Vipo pia vihisi vitupu ambavyo fundi huviandikia namba kwa mashine. Hivi vina faida moja kubwa: namba ya kihisi cha zamani ikisomwa kabla hakijafa kabisa, huandikwa katika kipya, na kompyuta ya gari haitambui kwamba mwenyewe amebadilika. Kwa hiyo siku ya kupima, namba zote nne zinakiliwe katika daftari la gari.

Kazi yenyewe ifanyiwe mahali penye mashine ya kung'olea matairi. Vyuma vya mkono na nyundo vimevunja vihisi vingi kuliko mashimo ya barabara. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yazibwe kwa kabari, nati zilegezwe kabla ya jeki kuinua. Pini ya valvu itolewe na upepo uishe wote. Ukingo wa tairi ubanduliwe kwenye rimu kuanzia upande ulio mbali na valvu, kwa maana kihisi kimelala pale pale nyuma ya valvu. Kihisi cha zamani kikitoka, tundu la rimu lisafishwe kutu na chumvi. Kipya kifungwe pamoja na wosha yake mpya ya mpira na nati yake mpya. Vitu hivyo visirudiwe hata kama vinaonekana vizima. Nati ikazwe kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, ambayo ni ndogo kuliko mkono wa fundi unavyodhani: ikizidi, valvu hukatika, ikipungua, upepo huvuja polepole. Tairi likisharudishwa na kujazwa, valvu imwagiwe maji ya sabuni kuangalia mapovu, kisha gurudumu lifanyiwe balansi. Dawa ya majimaji ya kuziba pancha isitiwe katika tairi lenye kihisi isipokuwa ile iliyoandikwa kwamba haidhuru, kwa kuwa nyingine huziba tundu dogo ambalo kihisi hupumulia.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, nayo ni kuandikisha. Magari mengine hujifunza namba mpya yenyewe yakiendeshwa kwa dakika 10 hadi 20. Mengine yana kitufe. Na mengine, yakiwemo mengi ya Toyota, hutaka namba ziandikwe kwa mashine inayochomekwa chini ya usukani. Fundi asiweze kuondoka na malipo huku taa bado inametameta.

Maandishi ya ofisi

Ankara ya kazi hii itenganishe bei ya vihisi, ujira wa kung'oa na kurudisha matairi, na ujira wa kuandikisha kwa mashine. Ankara yenye jumla moja tu irudishwe. Bei ziombwe kwa mafundi watatu, hata kama ni lazima kuuliza Lindi na Dar es Salaam, na risiti iwe ya mashine ya EFD. Vihisi vya zamani virudishwe ofisini vikiwa katika bahasha yenye tarehe na namba ya gari, vikae humo mpaka mkaguzi atakapovikagua. Vitu vilivyokufa ndivyo ushahidi pekee kwamba vilivyo hai vilinunuliwa kweli, kwa sababu hakuna mkaguzi atakayepasua tairi kuhakikisha.

Katika daftari la safari za gari iongezwe safu moja ya upepo wa asubuhi, kwa magurudumu manne na la akiba, na dereva atie saini. Gari likiingia njia ya mchanga na upepo ukapunguzwa, iandikwe mahali ulipopunguzwa na mahali ulipojazwa.

Maswali ya kujadiliwa katika kikao

Gari la chama lina kibao kinachosema paundi 36 kwa mzigo kamili. Asubuhi dereva amekuta 36, 35, 36 na 29, na taa haikuwaka. Je, taa ni mbovu? Safari ya kwenda Liwale ianze au isianze, na nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Fundi ameleta ankara ya vihisi vinne vya megahezi 315 kwa gari lililonunuliwa Uingereza. Gari limekwisha kurudi, taa bado inametameta, na fundi anasema itazima yenyewe baada ya wiki. Hati ya malipo iko mezani. Katibu afanye nini?

Chama kina geji moja na magari mawili, na moja ya magari hayo hulala kijijini Njinjo wakati wa msimu. Geji ikae wapi?